Kamera ya Wasio na Wenyewe

3 Machi

Mdogo wangu Bisibisi,

Salaam nyingi. Hujambo? Lile sikio lako limeacha kuvuma? Sisi huku hatujambo, kwa maana kwamba tunaamka. Wifi yako anakusalimu. Anasema uliahidi kuja tangu mwaka juzi, na yeye husahau sukari dukani lakini hasahau ahadi.

Kwenye kisanduku hiki kuna kamera ya kazini. Jana nilibonyeza, ikatoa mlio kama mtu anayetafuna mchanga. Picha ikatoka nusu sura, nusu giza. Nikabonyeza tena, ikaandika maneno ya kosa kwenye kioo, ikanyamaza. Nimetoa betri nikarudisha, nimeipuliza, nimeibembeleza. Wapi! Nadhani ni shata, lile pazia la ndani linalofunguka na kujifunga, lakini fundi ni wewe. Mimi ni mbonyezaji tu.

Kazi yangu unaijua, ingawa hatujawahi kuizungumza vizuri. Maiti wanaoletwa hospitalini bila jina nawapiga picha: uso, kovu kama lipo, nguo, kibao cha namba. Kisha nabandika kwenye daftari kubwa lililo mezani mlangoni. Anayemtafuta mtu wake hafunguliwi majokofu, anafungua daftari. Siku ishirini na moja zikipita bila mwenyewe kutokea, manispaa huwazika. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Simu haziruhusiwi mle ndani tangu picha ya marehemu mmoja ivuje mitandaoni, na Mkuu wa kitengo amesema kamera mpya haipo mpaka mwakani. Itengenezwe hii hii.

Naandika badala ya kupiga simu ili maelezo yakae pamoja na kamera. Usijiharakishe.

Kaka yako


12 Machi

Kaka,

Shikamoo. Natumaini nyote ni wazima. Sikio bado linavuma, ila siku hizi tunaelewana.

Usisingizie kisanduku. Unaandika kwa sababu kwenye simu unasema "salama, salama" halafu unakata. Kwenye karatasi hujui kudanganya. Tangu utotoni herufi zako huinama ukichoka, na kwenye barua hii zimelala kabisa.

Nimeifungua. Shata ina majani membamba ya chuma, mepesi kuliko ukucha. Moja limekatika, kipande kikajibana katikati ya mengine, na kimota chake kimeungua kwa kusukuma kisichosukumika. Haiungwi hiyo, inabadilishwa nzima. Halafu nikaangalia imeshapiga picha ngapi: laki moja na ishirini elfu. Walioiunda waliiahidia laki moja tu. Nikakaa naitazama namba hiyo mpaka chai ikapoa.

Kuna mwenzangu ana kamera kama hii, iliyoanguka ikavunjika kioo lakini shata yake nzima. Nitaing'oa. Nipe wiki mbili.

Wifi ameniambia unanawa mikono mpaka vidole vinachubuka, na mezani unakisogeza chakula huku na huku kama unatafuta kitu chini yake. Ni kweli?

Mdogo wako, Bisibisi


30 Machi

Mdogo wangu,

Salaam, na ahsante kwa barua. Wifi yako ana mdomo, lakini hakusema uongo.

Nitakwambia jambo, na ukimaliza kulisoma usinipigie simu. Tangu kamera iondoke, Mkuu ameniweka dirisha la vibali vya mazishi. Watu wanakuja na majina ya marehemu wao, naandika, nagonga muhuri, wanakwenda. Wiki ya kwanza nilijisikia kama nimetuliwa gunia ambalo sikujua nimelibeba. Nimekula. Juzi nimecheka na jirani mpaka wifi yako akatoka nje kuangalia kuna nini.

Maiti hawana neno, si wao wanaonichosha. Kinachonichosha ni kuuweka uso sawa kabla ya kubonyeza, ili mama yake akifungua daftari asishtuke. Kufuta, kufunga mdomo, kuchana nywele kwa vidole. Hakuna aliyeniagiza. Lakini ukishamfanyia mmoja, utamnyimaje wa pili?

Basi nakuomba. Ikipona, ikae huko kwako. Mkuu akiuliza nitamwambia kipuri hakijapatikana. Mwezi mmoja, labda miwili.

Kaka yako


8 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Huku ni mvua na matope, vinginevyo hatujambo.

Kamera imepona tangu Alhamisi. Nimeijaribu mara mia tatu, juani na kivulini, haijakosea hata moja. Nyingi ni picha za paka wa jirani, amenuna kama karani aliyenyimwa likizo. Sasa iko rafuni, nimeifunika kitambaa.

Mkuu wako hana namba yangu, kwa hiyo sitalazimika kumdanganya. Nitanyamaza. Zaidi ya hapo siwezi.

Ila nikuulize mara moja tu, sitarudia: wanaoletwa sasa bila jina, wanaandikwaje?

Pumzika, kaka yangu.

Mdogo wako, Bisibisi


24 Mei

Mdogo wangu,

Salaam, na unisamehe kwa kimya. Hukurudia swali lako, na mimi nikajifanya sikulisoma.

Wanaandikwa kwenye rejesta, hivi: "Mwanamume, miaka thelathini hivi, shati la bluu." Basi.

Jumatatu alikuja mzee mmoja, mshona viatu, anamtafuta mwanawe. Mwana ni fundi lipu. Mwishoni mwa Machi aliaga anakwenda kazini, hakurudi. Mzee ameshapita vituo vya polisi na hospitali nyingine zote. Nikamwonyesha daftari. Akavaa miwani iliyofungwa kwa uzi, akaanza polepole, ukurasa kwa ukurasa, na kila sura aliinamishia kichwa kama anayeomba radhi kwa kuisumbua. Akafika tarehe mbili Machi. Akafunua. Kweupe. Akafunua tena. Kweupe.

"Baada ya hapa hakufa mtu?" akaniuliza.

Nikamwambia kamera iliharibika.

"Pole sana," akasema. "Vyombo vya kazi vina visirani. Hata cherehani yangu hunifanyia hivyo hivyo."

Yaani mimi ndiye niliyepewa pole.

Tukaangalia rejesta. Wanaume wa umri huo walikuwa watatu, wote wameshazikwa, na nguo zilizoandikwa hazikumwambia mzee kitu. Nikamwita mhudumu anayewaosha, mama mtu mzima ambaye hapa kazini tunamwita Shangazi. Akasema mmoja wa siku zile alikuwa na chokaa kavu masikioni. Anamkumbuka kwa sababu alimsugua kwa kitambaa na haikutoka yote. Mzee akashika ukingo wa meza. Lakini namba ya mtu huyo? "Baba yangu," Shangazi akamwambia, "wamepita wengi."

Polisi walisema kufukua kunataka amri ya mahakama. Mzee akakataa. Alisema hataki wana wawili wa wenzake wasumbuliwe kwa ajili ya wake mmoja.

Jumanne akarudi, na Jumatano. Alikaa tu kwenye benchi mbele ya dirisha langu, haulizi kitu. Jumatano nikashindwa. Nikatoka, nikakaa kando yake, nikamwambia, "Mzee wangu, kamera ilipona mapema Aprili, hawa watatu wakiwa bado jokofuni. Mimi ndiye niliyesema isirudi. Nilikuwa nimechoka."

Akavua miwani, akaukaza uzi wake, huku foleni ya dirishani ikianza kunung'unika.

"Ungeniambia jana ningekupiga," akasema. "Leo na mimi nimechoka."

Alhamisi niliomba ruhusa nikampeleka makaburini. Vigingi vitatu vyenye namba, havikai hata mstari mmoja. Akapiga magoti penye cha kwanza, akang'oa magugu yote. Akaenda cha pili, akang'oa. Cha tatu vilevile. Nilipoinama kumsaidia alinizuia kwa mkono. Hakusema amenisamehe, wala sikumuuliza.

Nimemweleza Mkuu kila kitu. Amenipa barua ya onyo, nimeitia sahihi.

Leta kamera.

Kaka yako


28 Mei

Kaka,

Shikamoo. Sitauliza hali, naiona.

Barua yako niliisoma mara mbili, kisha nikaenda kukaa nje ya duka kama mteja aliyekuta pamefungwa. Usijitwike kosa hili peke yako. Rafu ilikuwa yangu. Kila asubuhi nilikitoa kile kitambaa, nikakikung'uta vumbi, nikakirudisha. Nilijua ninachofunika. Nilikuwa nimekusikia umecheka na jirani, nikasema, wacha kaka yangu acheke. Sikuwaza kwamba kuna mtu anafungua kurasa nyeupe.

Kamera hii hapa. Ukibadilisha lenzi usiguse shata kwa kidole, na usiipulize kwa mdomo, mate yako yataibandika. Ikianza tena kutafuna mchanga, acha papo hapo, usilazimishe.

Na nina sharti. Mfundishe mtu mwingine. Huyo Shangazi anayekumbuka chokaa ya masikioni hashindwi na kitufe kimoja. Wiki yako, wiki yake. Mkuu akikataa niandikie, nitakuja nikae kwenye benchi hilo mpaka aniulize nina shida gani, na nikiulizwa, unanijua.

Mdogo wako, Bisibisi


19 Juni

Mdogo wangu,

Salaam kwako na kwa paka wa jirani. Kamera ilifika salama na inalia vizuri.

Mkuu alikataa mara ya kwanza. Mara ya pili akasema tufanye tutakavyo ila yeye asisikie malalamiko. Shangazi amejifunza kwa siku mbili. Anapiga vizuri kuliko mimi, isipokuwa huwasemesha: "Geuka kidogo, mwanangu, hivyo hivyo." Nimeshindwa kumkataza.

Mkuu alitaka zile kurasa nyeupe zichanwe, zinatutia aibu. Nikamwomba aniachie. Tumekaa siku nne, Shangazi anakumbuka, mimi naandika kwa mkono pale ambapo picha ingekaa. Chokaa masikioni. Pete ya waya. Kovu la jiko mkono wa kulia. Soksi mbili tofauti, moja ya njano. Wengine hakukumbuka chao hata kimoja, nao nimewaandikia tarehe tu. Ni watu thelathini na saba, mdogo wangu. Usiku silali vizuri na sitakudanganya kwamba chakula kinapita. Yule mzee hajarudi.

Leo asubuhi alikuja mama mmoja na binti yake. Wakafunua picha zote, hamna. Wakafika kwenye kurasa za mkono, wakaanza kusoma kwa sauti ndogo, wakipokezana. Penye soksi binti akaweka kidole kwenye neno "njano". Mama akamwambia, "Endelea." Kidole hakikuondoka.

"Alikuwa anavaa hivyo makusudi," mama akaniambia, kana kwamba nilimlaumu mtu wake. "Alisema miguu si mapacha."

Shangazi aliikumbuka siku aliyomwosha, maana ndiyo siku maji yalikatika akachota kwa ndoo, na siku hiyo aliletwa mwanamume mmoja tu. Kwa hiyo namba tulikuwa nayo. Nikaiandika kwenye karatasi pamoja na njia ya kufika penye kigingi. Ya kwanza nikaikosea, ikabidi niandike mara mbili. Mama akaikunja, akaitia kifuani, akanishukuru. Nikamwambia asinishukuru. Hakunielewa, na nyuma yao palikuwa na foleni.

Kaka yako