Kiini cha Prof Anselme

Jumatatu, 2 Juni 2025

Leo sijakaa kitini dakika kumi mfululizo. Sura ya saba inanitoa jasho! Kitabu cha sheria za lugha yetu ya programu kinakwenda kuchapwa Ijumaa, na sura hii, ya aina za jumla (programu moja kutumika kwa aina nyingi za data), mtu hawezi kuielewa. Yote imesimama juu ya "kiini", yaani umbo la ndani ambalo aina zinashirikiana. Aina zikiwa na kiini kimoja, ruhusa. Zisipokuwa nacho, marufuku. Halafu "isipokuwa" — na "isipokuwa" ndani ya "isipokuwa"! Aliyekibuni ni Prof Anselme. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii.

Jumanne, 3 Juni

Nimekwenda kufundisha chuoni Mutanga Sud kwa miguu, mafuta ya magari hakuna. Darasa zima limesema maana ya kiini kwa sauti moja, kama katekisimu. Hakuna aliyekosa neno. Nikauliza: programu moja ikate kipande cha maandishi au cha orodha ya baiti, inaruhusiwa? Wote: apana, havina kiini kimoja! Houda peke yake akaijaribu kwenye kompyuta. "Madame Orpha, iko inatembea!"

Wenzake wakamwambia amekosea. Houda! Mashine imekubali, wao wanaamini kitabu. Nina hasira mpaka sasa, na si juu yao.

Alhamisi, 5 Juni

Nimekifuta kiini. Chote. Kukata kuna sheria yake fupi, kuita programu nyingine kuna yake, basi. Programu zote za zamani bado zinatembea. Wali umeungua. Nani atamwambia yule mzee? Nampenda kama baba. Nimeandika ujumbe, nimefuta. Tena. Kesho nampelekea sura mpya mkononi — liwalo na liwe.

Ijumaa, 6 Juni

Niko ofisini kwake. Alisoma mpaka mwisho, akamwita Houda, akampa ukurasa, akamuuliza lile swali la kukata. Houda akaeleza kwa maneno yake mwenyewe, hakukariri! Prof akacheka, akapiga meza kwa furaha. Kisha akarudia kurasa, akitafuta. Kiini kiko wapi? Nikasema hakihitajiki tena, Prof.

Akavua miwani. Akasema wanafunzi wanakiita kiini kwa jina lake, je, najua? Najua. Mungu wangu, najua.

Akaniwekea mbele nakala yake ya zamani na kalamu nyekundu. We mwenyewe futa, akasema. Ametoka kunywa maji, akirudi akute tayari.

Nasikia viatu vyake kwenye ngazi. Ukurasa wake wa kiini bado safi — kalamu yake ndiyo hii ninayoandikia humu.