Bahasha ya Mpagazi

Mtani wangu Pazi,

Niwie radhi. Una miezi minne ardhini nami sijakuandikia hata mstari mmoja, mimi niliyekuwa nikikukaripia mbele ya walimu wenzako kwa kuleta andalio la somo Jumanne badala ya Jumatatu. Mwanzoni nilinyamaza kwa majonzi. Wiki hii nimenyamaza kwa aibu. Sababu ya aibu hiyo iko hapa mezani, na sijapata mahali pa kuiweka.

Nianze na habari za nyumbani, kama ulivyopenda. Mama Tatu ameihama nyumba ya shule kule Usoke. Sasa yuko Mtendeni kwa dada yake, katika chumba cha uani. Mizinga yako ya nyuki tumemwachia jirani. Binti yako Tatu amerudi Ziba, anafundisha darasa la pili, na nimeona daftari lake: mwandiko ni wako. Aliniambia kwamba siku hizi mwalimu hujaza taarifa zake za kazi mwenyewe, kwenye simu, na huona zilikofika. Alisema, "Babu, sasa hakuna wa kuzilaza mezani." Hakuwa na nia yoyote. Alikuwa ananieleza tu.

Miwani yako ninayo mimi. Mama Tatu alinipa baada ya arobaini, ile yenye mkono uliofungwa kwa uzi mweusi. Ulikuwa ukisema, "Nitanunua nyingine nikipanda daraja." Paa nalo ungelitengeneza ukipanda daraja. Mama Tatu angeletewa cherehani ukipanda daraja. Tulikucheka. Binti uliyemfundisha kusoma akaajiriwa shuleni kwetu, akapanda, akapanda tena, mshahara wake ukaupita wako. Ukamwamkia kwa kumpigia saluti mlangoni, mpaka akaona haya na kukuomba uache.

Wasiotujua walidhani tunachukiana. Mimi Mnyamwezi, wewe Mzaramo. Tangu babu zangu wabebe mizigo ya wenyewe kutoka hapa Tabora na kupita nchi ya babu zako kwenda pwani, watu wetu hutaniana. Nilikuita mtumwa wangu. Uliita michembe yetu ya viazi vikavu soli za viatu, kisha ukala sahani mbili. Na kila muhula ulipofunguliwa, uliniletea bahasha ya kaki iliyoandikwa kwa herufi kubwa: KWA BWANA MKUBWA, KUTOKA KWA MPAGAZI WAKO. Ulisema babu zangu wamebeba vya kutosha, sasa ni zamu yako. Ndani uliomba likizo ya kumzika jogoo, au posho ya kuvumilia uimbaji wangu kanisani, ambao hukuwahi kuusikia. Za mwanzo nilizisoma kwa sauti ofisini. Miaka ya baadaye sikuzifungua tena. Nilicheka kwa kuiona bahasha tu, kisha nikaitia kwenye droo.

Unaukumbuka mwaka ule tulioletewa fomu za mapendekezo ya kupandishwa madaraja? Niliwatangazia walimu wote waliotimiza miaka yao: mwisho ni Ijumaa, na sitamkumbusha mtu mzima wajibu wake. Wenzako watano walileta. Wewe uliingia Alhamisi, jasho linakutoka, ukapiga saluti na kuweka bahasha ya kaki mezani. Ukasema, "Bwana mkubwa, huu ndio mzigo wenyewe. Usiutue njiani."

Nikakujibu, "Weka hapo, mvivu wee. Nitaisoma ukifa."

Ulicheka, Pazi. Uliondoka ukicheka.

Majina yalipotoka, lako halikuwemo. Ukasema, "Wilayani wamenisahau." Nikadhani hukujaza fomu na kwamba unauficha uvivu wako ndani ya mzaha, nami nikajibu kwa mzaha. Kisha madaraja yakasimama kwa muda mrefu, kwako na kwa kila mtu. Nikastaafu. Yalipofunguliwa, mkuu mpya alianza upya na majina aliyoyakuta, ukajikuta nyuma ya vijana. Ulikuwa umebakiza mwaka mmoja kustaafu ulipoanguka kwa presha ukiwa ubaoni.

Siku ya maziko nilitimiza kazi ya mtani. Nilikaa juu ya kifusi cha kaburi lako, jembe magotini, rozari mfukoni, nikasema kwamba hazikwi mtu hapa mpaka Wazaramo wanilipe. Nikasema: "Miaka yote nimemlisha, na amekufa na daraja lile lile, mvivu huyu!" Waombolezaji wakacheka. Mkwe wako akanipa shilingi mia tano ili niondoke. Mama Tatu alipohadithiwa kule uani, alicheka huku analia, akasema, "Angalau shemeji amemsindikiza kwa furaha."

Wiki iliyopita Tatu alikuja kukusanya karatasi za mirathi. Akaniuliza kama ninacho chochote cha mkono wako, apate kukihifadhi. Nikatoa boksi nililotoka nalo ofisini nilipostaafu. Tulifungua bahasha tatu, tukasoma ile ya jogoo, tukacheka mpaka akafuta macho kwa ushungi. Basi la Igunga lilikuwa linaondoka, nikamwahidi kwamba zilizobaki nitazipanga na kumpelekea.

Alipoondoka nikafungua ya nne.

Fomu imejazwa bila kosa. Nakala ya cheti imebanwa nyuma yake. Juu umebana kipande cha karatasi ya daftari: "Mwalimu Mkuu, hii si mzaha. Tatu anaingia sekondari na paa linavuja. Tafadhali." Miaka ishirini na miwili tulifanya kazi pamoja, na hukuwahi kuniita Mwalimu Mkuu.

Nimeikalisha hapa siku sita. Najiuliza kwa nini hukuja kuniambia mdomoni. Kisha nakumbuka nilivyokuwa. Mtu aliyeniomba jambo kwa uso mkavu nilimpa kanuni. Wewe peke yako ulikuwa na mlango wa kuingilia kwangu, nao ni utani. Ukaupitia huo. Nami sikusikia, kwa sababu ulikuwa utani.

Nilikwenda kumwuliza karani mmoja anayezijua taratibu, bila kutaja majina. Alisema marehemu hapandishwi daraja. Lakini akasema pia kwamba mkuu wa shule wa wakati ule akiandika kwa saini yake kuwa fomu ililetwa kwa wakati na ikakwama mezani kwake, jalada linaweza kuangaliwa upya, na mafao ya mjane yakaangaliwa pamoja nalo. Linaweza tu. Hakuahidi. Tatu anapeleka karatasi Jumatatu. Leo ni Ijumaa.

Barua nimeiandika. Ina aya tatu na haijatiwa saini. Nikiitia, Tatu ataisoma kabla ya mtu yeyote, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kuipeleka. Ataijua siku ambayo baba yake alinisihi. Mama Tatu naye atajua nilikuwa nimekalia nini siku ile nilipokalia kifusi chako. Juzi aliniambia, "Shemeji, sasa tumebaki na wewe tu." Nisipoitia saini, watabaki na mimi. Na chumba cha uani.

Ipo njia ya tatu, na najua ungeicheka. Naweza kwenda Mtendeni kesho, nikae kibarazani, niseme, "Shemeji, mtumwa wangu nilimdhulumu, niliificha barua yake." Atacheka. Atanimiminia chai, aniite mwizi, aniulize nimeiba na nini kingine. Nitakuwa nimesema kweli tupu, na hakuna atakayekuwa ameisikia. Hilo sitalifanya. Kama nitasema, nitasema kwa uso mkavu, nao wanisikie.

Sikuombi msamaha humu. Ukiwa mtani wangu, ungenipa kabla sijamaliza sentensi, nami nimekwishachukua vya bure vingi kutoka kwako. Nakuomba subira ya siku tatu tu, ingawa najua ninamwomba mtu ambaye subira yake niliimaliza.

Pumzika, Pazi. Miwani yako nimeibadilishia uzi. Nikishaamua nitakuandikia, na barua hiyo nitaileta mwenyewe mpaka kaburini, nikusomee wazi, bila bahasha.

Mimi,
Gervas,
uliyeniita Mwalimu Mkuu mara moja.