Maoni ya Wazungu Kuhusu Sinema Yetu

Jumatatu, 12 Julai 2021

Baridi. Helikopta ya polisi inazunguka juu ya Liverpool, mtaa wetu wa Sydney, kama mwewe. Kutoka hakuna, ni korona. Kanisa ni la Zoom. Jana baada ya maombi Jerusha binti yangu akatangazia ushirika mzima: tarehe 31 ni siku ya kuzaliwa ya Baba, nimeagiza ile sinema yake, tutaitazama wote. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nikapiga.

Mkamba gani mwingine hapa Sydney amecheza sinema ya Wazungu? Hakuna! Nimewaambia tangu nifike. Ni sinema ya namna gani, hawakuuliza. Mimi sikusema.

Alhamisi, 15 Julai

Melchior, yule Mkongo wa ghorofa ya chini, amepata kwa simu mahali watu wanaandika maoni ya sinema za zamani. Kiingereza changu ni cha kuombea chumvi. Basi yeye kwa balkoni yake, mimi kwa yangu, anasoma akiinua shingo.

Mmoja wa Italia anasema ya kwanza ilikuwa mbovu, hii ya pili imeishinda kwa ubovu. Mwingine: hadithi haina kichwa wala mkia. Mwingine: yule mwanamke wa Kizungu kila akipita mti, nguo inabaki mtini. Lakini mmoja ameipa nyota nne kwa sababu ya wapiga ngoma!

— Ndio mimi huyo! nikamwambia.

— Papa Mutua, ameandika wapiga ngoma. Jina lako haliko.

Wivu.

Halafu akaanza kucheka. Eti, Papa, hii filme ni ya wanawake uchi, na weye uko mzee wa kanisa! Nikamwambia wakati ule hakukuwa na kanisa la Zoom, asome, asihubiri.

Jumatano, 21 Julai

Sitaki kumwona Melchior.

Leo alisema wengi wanaongea juu ya msichana mmoja. Si yule Mzungu. Mweusi, kwenye maporomoko ya maji, anacheza ngoma akicheka. Mmoja anauliza jina lake nani, mwishoni hawakuandika. Wengine hawaulizi jina. Wameandika kifua chake. Kiuno chake. Melchior anasoma yote kwa sauti, jengo zima linasikia. Nikasema nyamaza. Akajitetea kwa Kifaransa chake: — Mais Papa, si mimi, ni wao! Nikammwagia chai.

Ni Mbula. Mama yake Jerusha. Yuko kaburini Kitui tangu mtoto akiwa shule ya msingi.

Tulikuwa kikundi kimoja cha ngoma, hoteli ya Mombasa. Hakuna aliyeruka na ngoma kama mimi pwani nzima. Wazungu wa sinema wakaja, wakachagua. Wakamwambia Mbula toa blauzi, cheza kama wa zamani. Akanitazama. Nikamwambia ni kazi. Na ilikuwa kazi! Hatukumwibia mtu. Baadaye akaokoka, neno sinema likawa marufuku nyumbani. Alipokufa ndipo nikaanza kujisifu tena.

Kule kutazama kwake — basi.

Jumatano, 28 Julai

Kifurushi kimeletwa. Jerusha yuko zamu hospitalini. Nimekifungua. Kwenye jalada Mzungu uchi amekumbatia chui! Nikakizika kwenye friza chini ya bakuli la githeri.

Akarudi. Nikamwambia posta ya siku hizi, korona imeharibu. Akanionyesha simu. Mleta mizigo amepiga picha kifurushi mlangoni.

— Na hivi ni vidole vya nani, Baba? Hizi si ndala zako?

Nikafoka. Nikasema naikataza, nyumba ni yako lakini baba ni mimi, sinema ni chafu.

— Miaka yote umetuimbia hiyo sinema, leo ndio imechafuka?

Akakaa, barakoa bado imening'inia sikioni.

— Najua ni chafu. Nimesoma maoni. Shangazi aliniambia zamani Mama alikuwamo. Ushirika nitawaambia imeharibika. Lakini nina picha yake moja tu, Baba, ile ya kitambulisho. Sikumbuki alivyokuwa anatembea.

Nikasema nitafikiria. Sijawahi kufikiria kitu kwa muda mrefu hivi.

Ijumaa, 30 Julai

Bado nafikiria. Melchior ameniletea maandazi mlangoni, akabisha, akakimbia. Sikuyagusa mpaka saa kumi.

Nikiivunja ile diski, hakuna atakayeiona. Hata Mbula angeivunja. Lakini Mbula hakuzeeka akaona mtoto wake ana mvi.

Jumamosi, 31 Julai

Ushirika wameimba kwa Zoom, wakapewa ule uongo, wakasikitika. Mchungaji ameniombea.

Tukafunga pazia. Nikaweka sharti: remoti nashika mimi, yeye afumbe macho, nikimwambia tazama atazame uso tu, mimi nitafunika chini kwa mkono. Amecheka, kisha amekubali. Nesi mzima wa miaka arobaini, amefumba.

Ubovu! Yule wa Italia hakusema uongo. Wazungu wanatembea, wanavua, wanatembea. Halafu nikasikia ngoma yangu. Nikakaa wima kwa kiti. Wapiga ngoma wakaja — mimi naonekana kiwiko. Kiwiko tu! Miaka hii yote.

Akatoka kwenye maji. Mbula. Nilikuwa nimesahau kwamba ana mwanya. Nikasimamisha. Nikasema naenda chooni.

Niko chooni, naandika magotini. Pale nilipomsimamisha hachezi tena wala hacheki. Amegeuza kichwa pembeni, anatazama nje ya picha. Nilikuwa nimesimama huko, na ngoma yangu.

Mkono wangu mmoja hautoshi kumfunika.

Jerusha anaita kutoka sebuleni. Bado amefumba, nasikia kwa sauti yake.

— Baba? Nitazame sasa?