Pazia la Kitenge, Dar mpaka Tanga

Mama yangu mpendwa,

Leo mchana nilikuwa kwenye kibanda cha simu, pale karibu na posta ya Tukuyu, napiga kelele mpaka wapita njia wakageuka. Mvua ilikuwa inapiga bati, na mtu wa Dar es Salaam hakunisikia. Nilikuwa nakodi gari. Dar mpaka Tanga, Jumamosi alfajiri, gari dogo pamoja na dereva wao. Mwanao Lusajo amepata mtoto wa pili, safari hii binti. Atabatizwa Jumapili, na babu amesema hawezi kufa kabla hajamwona. Tutashuka Dar kwa basi, lakini kutoka pale mguu wake hautavumilia basi la pili.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka karani akauliza swali lile lile nililoulizwa miaka ile: "Abiria wangapi, dada, na watakaaje?"

Unakumbuka nilivyojibu mara ya kwanza. "Watatu. Ni familia, watakaa popote." Leo nilifungua kinywa kusema watatu, neno likanikwama. Karani akaanza kuita haloo, haloo. Nikamwambia nitapiga tena kesho asubuhi. Nimerudi nyumbani Kinyala, nimekaa kwenye kitanda chako, nami nakuandikia kwa sababu sijui mtu mwingine wa kumwuliza.

Kazi yangu ya kwanza duniani ilikuwa kuwa macho yako. Ulipokwenda mtoni na ndoo kichwani nilitangulia mbele, mtoto asiyefika hata kiunoni mwako, na nikiona kofia ya babu inakuja kwenye kijia nilipiga kelele, "Anakuja!" Wewe uliingia migombani na ndoo yako, ukaipa njia mgongo, ukangoja. Naye akisikia sauti yangu alikohoa kwa nguvu, akapita huku anatazama mlima Rungwe kana kwamba kuna mtu anamwita kutoka kule. Mke wa mtu hamtazami baba mkwe wake, wala yeye hamtazami. Hawali pamoja, hawasemezani. Ndivyo wazee wetu walivyoheshimiana, na hakuna aliyenieleza zaidi ya hapo. Mimi niliona ni mchezo, tena mchezo niliouweza.

Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwetu. Chakula chake cha jioni ulikipika wewe, nikakipeleka mimi. Ulijua hapendi ndizi zikipikwa zikalainika sana. Yeye alijua mvua zikianza magoti yako yanauma, akanituma na mizizi ya kuchemsha. Mlijuana kwa moshi wa jiko na kwa kikohozi.

Baba alipofariki nilikuwa kidato cha pili. Gari la kiwanda cha chai lilimleta nyumbani. Wewe ulilia ndani pamoja na wanawake. Babu alilia nje, migombani, pamoja na wazee wenzake. Siku zote za matanga nilikuwa naingia na kutoka na mabirika ya chai, nikisikia kilio kimoja mlangoni na kingine uani. Haikunipitia akilini kwamba watu wawili waliompenda baba kuliko wote walikuwa hawajamlilia pamoja, wala hawangeweza.

Kisha nikaenda shule ya bweni, nikaenda chuo, nikapata kazi Dar. Zilikuwa siku zile magari ya mitumba ya Kijapani yanashushwa bandarini kila kukicha, na kila mwenye chumba na simu anafungua ofisi ya kukodisha. Hata sisi wa vyumba vya kupanga Temeke tukaanza kupanda gari dogo kama wakurugenzi. Lusajo alikuwa anafanya kazi bandari ya Tanga, akapata mchumba, binti wa Kibondei. Mlikuja kwa mabasi mawili tofauti, wewe Jumatano, babu Alhamisi. Wewe ukafikia kwangu, yeye akafikia Ilala kwa baba mdogo. Nilidhani ni mambo ya tiketi. Shule yote ile, mama, nikadhani ni mambo ya tiketi. Nikawakodia gari moja, iwe zawadi yangu kwenu.

Ndoa ilikuwa saa nane mchana. Gari likaja alfajiri, Korola nyeupe yenye maandishi ya Kijapani ambayo bado hayajafutwa mlangoni. Lilikuwa limeanzia Ilala. Babu alikuwa amekaa mbele na kofia yake, fimbo katikati ya magoti. Wewe ukatoka na mkoba, ukaiona ile kofia, ukarudi ndani kinyumenyume, upesi kuliko nilivyowahi kukuona ukitembea.

"Tumpe, ninyi tangulieni. Mimi nitapanda basi."

"Basi la alfajiri limeshaondoka. Linalofuata litafika harusi imekwisha."

"Basi mtanisimulia."

"Mama, babu mzee. Siku hizi hata haoni vizuri."

"Yeye haoni, sawa. Mimi je? Mimi naona."

Nikasema neno moja la kisomi ambalo sitalirudia hapa. Ulikuwa umeingoja siku ile tangu Lusajo yuko mgongoni, na ulikuwa tayari kuikosa kwa sababu ya kofia. Nilitaka kulia. Nilikuwa nimesimama kati ya mlango wa nyumba na mlango wa gari, sijui niushike upi.

Babu alikuwa anasikia yote. Mguu haukumruhusu kushuka haraka, akafanya alichoweza: akavua kofia, akajifunika uso nayo.

"Mwambieni apite," akasema ndani ya kofia. "Mimi sipo."

Ukaninong'oneza nyuma ya mlango: "Kama hayupo, mbona anasema?"

Masikio ya babu yalikuwa mazima. "Gwe dereva," akasema, "basi sema wewe kwamba sipo."

Bakari dereva, mtu wa Tanga mwenyewe, akainua mikono kutoka kwenye usukani. "Mie niseme nini, mzee wangu? Mie nimeambiwa abiria watatu. Kama hupo, nauli yako nani analipa?"

Nikakusikia unacheka huko ndani. Ulicheka umejiziba mdomo, lakini nilikusikia, na kofia ya babu nayo ilikuwa inatikisika. Kisha ukafungua mkoba, ukatoa kitenge chako cha harusi, kile cha kijani na njano ulichonunua dukani kwa Mzee Salimu, ambacho ulikuwa hujakivaa hata mara moja. Ukanipa pamoja na pini.

"Kafunge hapo katikati," ukasema. "Vizuri. Kisiachie."

Nikakifunga nyuma ya viti vya mbele, kutoka kishikio cha mlango huu mpaka kishikio cha mlango ule. Bakari akalalamika kwamba kioo chake cha ndani sasa kinamwonyesha maua matupu. Akavitengeneza vya pembeni, akasema liwalo na liwe. Wewe ukaingia na kukaa nyuma yake. Mimi nikakaa nyuma ya babu.

Tulikuwa tumekaribia Chalinze Bakari aliposhindwa kuvumilia.

"Samahani, mzee. Mama yuko eda?"

"Eda ndiyo nini?"

Akamweleza kwamba kwao mwanamke akifiwa na mume hukaa ndani, asionekane na wanaume hivi hivi.

"Kwa muda gani?"

"Miezi minne na siku kumi."

Babu akaguna. "Ninyi mmepunguziwa. Kwetu mpaka kufa."

Njia nzima nilikuwa tarishi wenu. "Mwambie mama yako kuna shimo linakuja, ajishike," babu anasema, na shimo tumeshalipita. "Mwambie babu yako ahsante, tumeliona," unajibu, umeshika paji la uso. Mlikuwa mmetengana kwa kitambaa ambacho ungeweza kukipuliza kikasogea, na kila neno lilipitia kwangu kana kwamba mmoja yuko Kinyala na mwingine ng'ambo ya ziwa. Mwanzoni niliona haya mbele ya Bakari. Baada ya Segera niliona usingizi.

Muheza tulinunua machungwa dirishani. Ulikuwa unamenya, unanipa, ninapitisha chini ya kitenge, katikati ya viti. Nikafumba macho. Nadhani nililala kidogo. Kilichoniamsha ni mkono wako, ulipopita mbele yangu taratibu ili usinishtue, ukaingiza chungwa chini ya pazia. Upande wa pili likapokewa. Hakuna aliyesema "mwambie". Nikaendelea kufumba macho.

Baada ya muda babu akasema, kama mtu anayesema na barabara, "Yule angekuwapo leo, angekuwa anapiga mluzi."

Gari likaenda, likaenda. Wewe ukaliambia dirisha, "Angeanza tangu Dar."

"Nilimchapa kwa ajili ya mluzi ule. Nikamwambia unaita nyoka. Akaacha."

"Hakuacha."

Nikasikia fimbo ya babu ikigonga chini.

"Alikuwa akifika kwenye kona ya nyumba ya baba yake ananyamaza," ukasema. "Akishaipita anaendelea. Ndivyo nilivyojua anakuja, nikainjika maji."

"Miaka yote?"

"Miaka yote."

"Mimi nilidhani ameacha," babu akasema. Kisha, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Kumbe alikuwa ananipa heshima yangu, halafu anakwenda zake."

Nikamsikia analia. Nikakusikia na wewe. Bakari akapunguza mwendo. Mlimlilia baba kutoka Muheza karibu mpaka Pongwe, kila mmoja upande wake wa kitenge, na mimi nililia nimefumba macho, jambo ambalo ni gumu kuliko mtu anavyodhani. Tulipoanza kuona minazi ya mjini babu akajaribu kupiga mluzi. Meno yake ya mbele hayapo, kwa hiyo ulikuwa upepo zaidi kuliko mluzi. Wewe ukasema, safari hii kwangu, "Mwambie babu yako ataita nyoka."

Kanisani ulikivaa kitenge kile kina mikunjo na matundu ya pini. Wakwe zetu walitazama, wakastahi. Ulikaa kushoto, yeye kulia, nguzo katikati yenu.

Nilidhani baada ya siku ile mambo yatabadilika. Nilipokuja likizo nikakukuta unaingia migombani vilevile, nikakuuliza kwa uchungu, maana nilikuwa nimejenga matumaini makubwa juu ya machungwa yale. Ukashangaa. "Sasa kuna ubaya gani? Si namsikia anapita?" Kweli ulimsikia. Babu alikuwa ameacha kukohoa. Akikaribia kwetu alikuwa anapiga ule mluzi wake wa upepo. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba mambo yalibadilika palepale, ila hayakubadilika kwa namna yangu.

Mwaka jana tulipokuaga, walipofungua jeneza, watu wote walipita isipokuwa yeye. Alikuwa amekaa nje ametupa mgongo. Mchungaji alimfuata, akamwinamia. "Mzee, njoo umuage. Mwiko umekwisha."

"Umekwisha kwa nani?" babu akamwuliza. "Mwenyewe ameutunza mpaka leo. Nije nimvunjie akiwa amelala?"

Hajawahi kukutazama usoni, mama. Hata picha ya harusi ya Lusajo, iliyotundikwa sebuleni kwake, ameweka kalenda juu ya upande uliosimama wewe. Siku hizi nafundisha sekondari pale Tukuyu, na wanafunzi wangu wanaponiuliza kama mila zetu zinamwonea mwanamke, nawajibu ndiyo kwa zile ninazojua zinaonea, nawapa mifano, na wanaandika. Mfano wa kalenda ile sijawahi kuutoa. Sijui niuweke upande gani wa ubao.

Jioni hii, kabla sijakaa kukuandikia, nilimpelekea chakula. Nilimwambia gari limepatikana, kwamba safari hii tutakuwa wawili tu, atakaa mbele anyooshe mguu wake, mimi nyuma na mizigo. Akala. Ndizi nilikuwa nimezipika zikalainika mno, hakulalamika. Kisha akauliza:

"Kile kitenge unacho?"

"Ninacho."

"Utakifunga."

"Babu," nikasema, "mama hayupo."

"Najua. Nilikuwapo mlipomzika." Akaisogeza sahani. "Lakini ile siku ya Tanga sikumwona, na alikuwapo. Wewe kifunge."

Nimekitoa sandukuni sasa hivi. Matundu ya pini yapo palepale, mstari mmoja juu, kwa hiyo sitapata shida kujua pa kushikiza. Kesho kibanda kikifunguliwa nitampigia yule karani, nimwambie abiria ni watatu: mzee mmoja mbele, wanawake wawili nyuma, na dereva asiweke mzigo kwenye kiti kilicho nyuma yake. Tukifika Muheza nitanunua machungwa. Nitamenya moja, niliweke chini ya pazia, kisha nitafumba macho.

Pumzika, mama. Njia ni nyeupe, hakuna anayekuja.

Mimi, mwanao uliyemtanguliza mbele,
Tumpe