Nilikubali Kuitwa Mlevi

Hospitali ya Misheni,
Natta,
Agosti 1980

Baba yangu mpendwa Nyangwine,

Shikamoo. Natumaini wewe na mama mnaendelea vizuri, na kwamba lile jipu la mguu limepona. Sisi huku miili haijambo. Mahindi ni haba na sabuni haionekani dukani, lakini tunaishi.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Heche, dereva wa ushirika. Umeandika kwa uchungu. Umesikia huko Kemambo kwamba nimefukuzwa kwenye mitambo ya umeme kwa ajili ya pombe, nawe unataka kuja kuwapigia magoti wakubwa wa hospitali wanirudishe. Nakuomba usianze safari kabla hujasoma yote.

Unajua tuna jenereta mbili. Siku ya upasuaji moja haitoshi, kwa hiyo tunaziunganisha, na zikishaunganishwa ni lazima zizunguke kwa mwendo mmoja. Moja ikiteleza, zinavutana mpaka kitu kivunjike. Zamani tulikuwa na mita. Mshale ukianza kuyumba huku na huku, unakata swichi mara moja. Mita iliharibika mwaka wa vita na kipuri hakijapatikana hadi leo, basi tukabaki na masikio. Mitambo ikiachana, mngurumo hupanda na kushuka, kama nyuzi mbili za litungu lako ambazo hazijakaa sawa. Ndiyo maana walinichagua mimi, mtoto wa mpiga litungu. Nilijivuna sana wakati ule.

Siku yenyewe walikuwa wanampasua mama mmoja aitwaye Veronika, uzazi umekwama. Nilisimama kando ya mitambo nimefunga mikono, naiona inazunguka vizuri tu. Mara Gasto, seremala wetu, akaingia mbio, akanisukuma na kukata swichi mwenyewe. Alikuwa amechelewa, shafti ya jenereta kubwa imeshakatika, na ile ndogo nayo ikazimika. Baadaye alieleza kwamba taa ya karakana yake ilikuwa inang'aa na kufifia, na kelele ile aliisikia tangu huko, akawa anashangaa mimi nangoja nini. Daktari alimalizia kazi kwa mwanga wa dirisha. Veronika alipona. Mtoto alitoka hana pumzi, na mashine ya kumsaidia ilikuwa imezima.

Kamati ilipokaa, mwenyekiti aliniuliza kama nilikuwa nimelewa, maana siku iliyotangulia nilionekana arusini. Nilijibu kwamba ndiyo, nilikuwa nimelewa.

Baba, sikuwa nimeonja hata tone. Masikio yangu yamekufa. Yalianza kupungua mwaka juzi, nikaficha, nikawa naiangalia mitambo kwa macho na kujipa moyo kwamba bado naisikia. Hata swali la mwenyekiti nililisoma midomoni mwake. Niliona kwamba mlevi anaweza kutubu akarudishiwa kazi, lakini kiziwi hana njia ya kurudi kwenye mitambo maisha yake yote. Nilikuwa nawaza kazi, baba, wakati mtoto wa watu hajazikwa. Moyo wangu umevunjika, na sijui nitamtazamaje yule mama.

Kwa hiyo usije kuniombea. Jumatatu nitakwenda mwenyewe kwa mwenyekiti nimweleze ukweli, kisha nitamfuata Veronika kwao. Wasimpe mwingine swichi ile kabla hawajampima masikio.

Mke wangu Efrazia anawaamkia nyote. Mjukuu wenu Mokami ameanza kusema. Efrazia ameniandikia kwa mkaa ukutani kwamba neno lake la kwanza ni "baba", na kwamba huniita hivyo kutwa nzima. Nisipogeuka, anakuja kunivuta suruali.

Mpe mama salamu zangu, lakini habari hii umwambie taratibu.

Ni mimi mwanao,
Nikodemo