Meza za Jikoni

12 Januari

Dada yangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, macho tu yamechoka kwa kutengeneza saa za watu. Mgongo wako unasemaje?

Chama chetu cha sataranji kimekubali. Aprili nitacheza nikiwa nimefungwa kitambaa machoni, meza ishirini kwa pamoja. Nasomewa hatua, najibu kwa mdomo. Watu wa kale walianza na meza mbili tatu, ikaonekana maajabu. Baadaye wako waliopita arobaini. Rekodi ya chama chetu ni kumi na nane. Nikiivunja, wananiajiri niwe mwalimu, na kibanda cha saa nakiaga.

Unajua ninavyozishika kichwani: kila meza naipa mahali pake nyumbani kwetu. Nne ziko jikoni. Kwa hiyo niambie, kuna kilichobadilika? Hata kabati likisogezwa, nijue mapema nijizoeze upya.

Mdogo wako

2 Februari

Mdogo wangu,

Sijambo, mgongo nimeuzoea. Habari zako zimenichekesha: wewe uliyekuwa unasahau viatu shuleni!

Nyumba iko vilevile. Jiko ni lile lile, na ule ukuta wa moshi ambao marehemu mama alikataa upakwe rangi. Cheza bila wasiwasi.

Dada yako

20 Aprili

Dada,

Natumaini u mzima. Mimi mwili hauna neno.

Jirani yetu wa huko nyumbani, wa mlango wa pili, alikuja kutazama mchezo. Wakati wa mapumziko alinishika mkono akasifu ulivyobomoa jiko na kupanua chumba cha cherehani. "Tangu Desemba pamependeza kweli," akasema.

Nikafungwa tena kitambaa. Zilipoitwa meza za jikoni, nikakuta cherehani. Nikamsogeza farasi aliyekwisha kuliwa, kisha nikarudia kosa hilohilo meza ya pili. Kwa kanuni za chama, makosa mawili ya namna hiyo yanakutoa. Watu walicheka, dada.

Kubomoa ni haki yako, unaishi humo. Ungeniambia, ningezihamishia sebuleni. Lakini nilikuuliza, ukanidanganya. Imeniuma sana.

Mdogo wako

30 Aprili

Mdogo wangu,

Sijui hata nikusalimie vipi. Wateja walikuwa wanapimwa nguo barazani, wapita njia wanawatazama. Niliogopa utasema nimemfuta mama. Nikadhani, kwa kuwa uko mbali, jiko la kichwani mwako litakutosha.

Nisamehe. Chumba cha mama sijakigusa, naapa. Zile meza nne zihamishie humo.

Dada yako

9 Juni

Dada,

Hujambo? Mimi niko kibandani, kazi ipo.

Chama kimenipa nafasi ya mwisho, mwezi wa nane. Nilifanya ulivyosema, kichwani nikazibeba meza hadi chumbani kwa mama. Nikaishia mlangoni. Huenda kitanda chake kipo, huenda pana vitambaa vya wateja. Umeapa, na bado sikuweza kuingia.

Basi nimezihamisha zote ishirini. Ziko hapa kibandani, kwenye rafu, katikati ya saa mbovu. Ni pabana, ila naona mwenyewe kilichopo. Nyumbani sina meza tena.

Fundi saa