Watoto Wasio na Baba, Simameni

Ikutha, Jumapili

Na bado nina hasira. Mchungaji leo aliamua kuwaombea watoto wasio na baba, "kwa sababu hao ndio huishia kwenye pombe na wizi." Akawaamuru wasimame. Mwende, mtoto wa dada yangu, alisimama na Biblia kifuani kama mshtakiwa. Karibu nusu ya watoto wa kanisa walisimama naye.

Wazee wa kanisa wakatikisa vichwa kwa huruma, tai zimewanyooka, kana kwamba watoto hao waliokotwa mtoni.

Nikainuka. "Mchungaji, watoto tumewaona. Sasa wasimame wanaume waliowazaa, nao waombewe."

Akina mama walicheka mpaka vitambaa vikawatoka kichwani. Mzee mmoja alikumbuka ghafla kwamba mbuzi wake hawajanyweshwa maji. Mchungaji akasema, "Ndugu zangu, tuimbe." Tukaimba.

Njiani nilijisifu kimoyomoyo. Ni kweli mtoto huumia, hilo mchungaji hakudanganya. Huyu wetu, mwanamume yeyote akibisha mlangoni, hukimbia kuchungulia. Lakini wa kusimamishwa mbele ya watu ni yule anayeumiza.

Tulipofika nyumbani Mwende akavua viatu, akaniuliza, "Anko, kwa hivyo baba yangu alikuwa ameketi wapi?"

Dada yangu hajawahi kunitajia jina la huyo mtu, na mimi, ninayebishana na kila mchungaji wa Kitui, sijawahi kuthubutu kuuliza.

Nilimwambia Mwende ale kwanza. Amemaliza kula. Ameketi hapo, ananitazama.